Koili Hulala, Hewa Hailali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo tupu nikaambiwa niende petroli stesheni niijaze hewa. Ilikuwa gereji moja ya Thika, upande wa viwandani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, sketi imepigwa pasi, na sikujua kwamba huo ndio mzaha wanaomfanyia kila mgeni. Nilifika hadi kwa pampu. Niliporudi mafundi walikuwa wanacheka mpaka wengine wamekaa chini. Nikamwambia aliyenituma, "Hewa wamekataa kunipa. Wamesema uje wewe, kichwa chako ndicho kiko tupu." Kuanzia hapo waliniheshimu, kidogo.

Wenzangu huandika kumbukumbu za kazi wakiwa na mvi, wamepewa kwaheri na keki. Mimi mtoto wangu yuko nasari na mvi sina hata moja. Kazi sikustaafu, niliondolewa. Naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kuambiwa nipoe kwanza. Nawaandikia wasichana wanaotafuta kazi ya spea, mjue inavyofanywa, na mjue kuna siku utaulizwa neno moja na maisha ya mtu yamekaa juu ya hilo neno.

Thika niliwekwa kaunta. Kaunta ni shule. Mtu anakuja na chuma kilichovunjika, kimefungwa kwenye gazeti, hajui jina lake, anasema, "Nipe ndugu ya hii." Wewe unageuza, unaangalia kimekatikia wapi, unajua gari lake linabeba nini na barabara gani. Meneja wa Thika alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha kitu kimoja: "Usimuulize mteja anataka nini. Muulize gari inafanya kazi gani." Ningekaa chini yake mpaka leo kama hawangefungua tawi Ruiru na kunipeleka huko kushika stoo.

Ruiru nilipata meneja mwingine, mwenye viatu vya kung'aa na ulimi wa kuuza. Nilipata pia Fundi Mkuu, mzee wa Kikuyu aliyeniita mami kana kwamba mimi ndiye mkubwa, na ambaye gari kwake lilikuwa "gali" siku zote. Na huko Ruiru ndiko nilikoolewa na Wafula, dereva wa pikapu, tukapanga chumba Mwiki. Alipozaliwa Nafula, jina langu gerejini likafa, nikawa Mama Nafula kwa kila mtu.

Sasa nieleze springi, maana hapo ndipo hadithi yote ilipo. Pikapu nyingi huku kwetu nyuma zina springi za bapa, vyuma vilivyolaliana kama chapati kwenye sahani. Ile aliyoendesha Wafula ililetwa kutoka nje ikiwa imetumika, na nyuma ilikuwa na koili, yaani chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyelala. Koili ukiibebesha mzigo inajibana, na gari linashuka. Ukiizidisha, linashuka zaidi. Sisi tunasema limelala. Kuna namna ya pili, ya hewa: unatoa koili, mahali pake unaweka mfuko wa mpira mnene, unaujaza hewa kwa kompresa ndogo kupitia paipu. Gari likishuka unaongeza hewa, linainuka. Hewa si mbaya. Ukibeba mayai au mgonjwa ni raha tupu. Lakini inataka paipu safi, valvu nzima, na mtu wa kuikagua kila mara, na vumbi letu haliipendi.

Wafula alikuwa anabeba mawe ya kujengea, kutoka machimboni upande wa Juja kwenda Ngoingwa, ambako nyumba zilikuwa zinaota kila mahali. Pale machimboni hakuna mizani. Mizani ni macho. Wapakiaji wanapanga mawe mpaka mmoja anaita, "Imelala," na wote wanaacha, hata kama jiwe liko mkononi. Wafula naye anaenda nyuma, anapitisha kiganja kati ya tairi na bodi. Kiganja kikipita kwa shida, anaingia ndani anawasha gari. Kisipopita, mawe yanashuka, na wapakiaji wanamtukana. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote, na hivyo ndivyo wanavyofanya madereva wote wa mawe ninaowajua.

Koili za ile pikapu zikachoka. Hata ikiwa tupu ilikuwa imekaa kama kuku anayetaga. Mwenye gari akaja nayo gerejini, mtu mnene mwenye shati jeupe, Wafula akiwa kwenye usukani. Wafula akabaki nje anapangusa kioo. Mwenye gari akaingia ofisini kwa Meneja. Fundi Mkuu akaitwa, na mimi nikaitwa niseme stoo kuna nini.

"Koili nzito mpya ziko," nikasema. "Na mifuko ya hewa iko, ile iliyokuja na mzigo wa mwisho."

"Gali ya mawe ni koili," akasema Fundi Mkuu. "Hiyo mifuko ni ya kubembeleza. Hii gali haibembelezwi."

Meneja akacheka. Akamgeukia mwenye gari. "Mzee wetu ni wa zamani. Sasa wewe niambie, kwenye kizuizi cha barabarani askari anaangalia wapi?"

"Nyuma. Anaangalia matako ya gari."

"Na koili ikilala?"

"Ananishusha mawe yote."

"Basi. Hewa hailali. Unapakia, dereva anabonyeza kitufe, gari inasimama wima kama bibi harusi. Nani atakuuliza?"

Hapo ndipo damu iliponipanda. Nilijua kiganja cha Wafula. Nilijua wapakiaji hawataacha kupakia mpaka gari lilale, na sasa gari haliwezi kulala. Mzigo utakuwa uleule unaokandamiza breki na ekseli, ila hakuna atakayeuona, wala askari, wala mpakiaji, wala dereva mwenyewe. Nikasema hivyohivyo, kwa sauti ambayo haikuwa ya stoo. Nikaongeza, "Dereva yuko hapo nje na kitambaa. Muulizeni yeye."

Meneja hakukasirika. Alitabasamu, na hilo sitamsamehe. "Mama Nafula, hapa si mkutano wa mabibi na mabwana. Mwenye gari ndiye anayechagua."

Mwenye gari naye akaniangalia kama mtu anayeangalia redio iliyojiwasha. "Kumbe dereva wangu ana wakili," akasema. Wakacheka wawili. Fundi Mkuu akatoka. Alifunga ile mifuko mwenyewe, vizuri kabisa, kwa sababu hajui kufanya kazi vibaya.

Nyumbani nilimwambia Wafula amwachie huyo mtu gari lake. Alikuwa amempakata mtoto. "Mama Nafula, niache gari nibebe mawe kwa mgongo?" Akaniahidi atahesabu mawe. Alijaribu. Wapakiaji walimcheka: "Ee dereva, unahesabu mawe kama mtoto wa nasari? Gari imesimama, ongeza." Mwenye gari akasikia na kumwambia achague kati ya kuhesabu na kuendesha. Akaendesha.

Mfuko wa kulia ulipasuka kwenye mteremko wa kushuka mto Ndarugo, mchana kweupe. Koili ikivunjika gari huanguka kidogo na bado kuna chuma kimebaki. Mfuko ukipasuka hakuna kinachobaki. Upande mmoja ulishuka ghafla, mawe yote yakahamia huko, na breki zilizokuwa zimeelemewa siku nyingi hazikuwa na la kufanya. Pikapu ikalala kwa mara ya kwanza tangu ifungwe hewa, ikalala ubavu, mtaroni. Wafula alitolewa akiwa hai. Nyonga na mguu havikutoka vile vilivyoingia.

Nilirudi kazini baada ya siku chache kwa sababu mtoto anakula. Meneja akaniita. Ofisini alikuwepo mwenye gari, na mtu wa bima aliyekuja kukagua. Kabla hatujaingia, Meneja alinishika kiwiko. "Utaulizwa nani alichagua hewa. Sema dereva. Dereva ndiye aliyetaka, sisi tukamshauri koili. Yeye ni mume wako, hakuna atakayemfunga. Kila mtu atatoka salama."

Fikirini hilo. Mtu ambaye hakuruhusiwa hata kuingia mlangoni siku ya kuchagua, leo amelala kitandani na chuma mguuni, anapewa uchaguzi wote peke yake, kama zawadi.

Mtu wa bima akauliza. Nikasema, "Alichagua huyu, akashauriwa na huyu, mbele yangu na mbele ya Fundi Mkuu. Na walichagua hewa ili kizuizini mzigo usionekane. Dereva alikuwa nje anapangusa kioo." Fundi Mkuu aliitwa. Akasema, "Mami amesema kweli," akarudi kwa gari alilokuwa analifungua.

Jioni hiyo niliambiwa stoo haihitaji tena mtu. Fundi Mkuu hawakumgusa, maana bila yeye hakuna gereji. Mimi mwanamke wa funguo za stoo, nilikuwa rahisi kuondolewa.

Hiyo ndiyo kazi yangu, na huo ndio ustaafu wangu. Sasa nina kibanda cha spea Mwiki, mabati matatu na kaunta. Wafula anakaa nami, anatembea na fimbo, anajua sauti ya kila injini inayopita. Watu wananiambia nimepata funzo. Sikupata funzo lolote. Nilichosema ofisini ndicho nilichojua tangu mwanzo, na waliotakiwa kufunzwa bado wanavaa viatu vya kung'aa.

Ila nimeweka sheria moja hapa kibandani, na wateja wengine imewafukuza. Wiki hii alikuja bwana mmoja na pikapu ya kubeba chakula cha ng'ombe. Dereva alibaki ndani ya gari.

"Mama, niweke hewa au koili?"

"Mlete anayeendesha."

"Dereva? Yeye atajua nini? Mimi ndiye nanunua."

"Basi nunua kwingine."

Akasonya, akaenda mpaka barabarani, akasimama. Kisha akapiga mkono kwenye bodi na dereva akashuka, kijana mwembamba, kofia mkononi tayari kama mtu aliyeitwa kufutwa kazi. Nikamuuliza anabeba nini, anapita wapi, na yeye angependa gari lake likae namna gani.

Akamwangalia yule bwana. Akaniangalia mimi.

"Ni mimi naulizwa?"

"Ni wewe."

Akaweka kofia kwenye kaunta, akaanza kutueleza.