Nilimtangaza Kibet Kabla Hajazaliwa

Hii aibu inanifuata mpaka darasani, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla binamu yangu Kevo hajaiongezea chumvi.

Likizo iliyopita aunty Chemu wa Munyaka alienda hospitali kuanzishiwa uchungu wa kuzaa, kwa sababu siku zilikuwa zimepita, presha inapanda, na mwili wake ni mkubwa sana (mwenyewe husema wengine walipimwa na kikombe, yeye na debe), daktari akaona kungoja zaidi ni hatari. Alinichagua mimi pekee nimsindikize, na akanikataza kitu kimoja tu: nisiambie mtu mpaka mtoto atoke, maana alikuwa amechoka na watu kumkodolea tumbo wakiuliza kama ni mapacha. Daktari alieleza vizuri kwamba kwa mama mwenye uzito huo dawa inaweza kukawia, pengine hadi kesho kutwa, na ikikataa watampasua. Mimi nilisikia "tunaanza asubuhi" peke yake, nikapiga hesabu ya ugali: maji, unga, pakua.

Sasa Kevo, anayeishi Ainabkoi na ambaye hutangulia kwa habari zote za familia, akaanza kuniuliza maswali kwa simu. Nikaona leo hanishindi. Sista mmoja wa wodi akapita mbele ya benchi tulipokuwa tunangojea akicheka, nikasema basi mambo tayari, nikaandika kwa grupu ya familia: "Kibet amefika, mama na mtoto wako fiti." (Kwetu Kibet ni mvulana aliyezaliwa mchana, na jua lilikuwa utosini, mimi ni nani nibishane nalo.)

Kuingia wodini, nikapata aunty anakula ndizi. Uchungu hata dalili. Nikakimbilia simu nifute, lakini Kogo, nyanya yetu, alikuwa ameshasomewa ujumbe, na mjomba ameshawasha pikapu.

Walifika wakiimba, Kogo mbele na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya sherehe, vigelegele mpaka soja akasahau kufunga geti. Na nani anatokea kwa korido, akitembea polepole vile daktari alisema atembee, gauni la hospitali limekataa kufungika na leso juu yake? Wimbo ukakatika.

"Kibet ako wapi?" Kogo akauliza.

Aunty akajishika tumbo. "Bado ako huku ndani, mama. Nani amemtoa?"

Benchi zima likageuka kuniangalia, hata baba mmoja kutoka Turbo ambaye hatujuani akashika mbavu. Aunty hakucheka. Aliponipita akasema kwa sauti ya chini, "Jeptoo, nilikuomba kitu kimoja." Afadhali angenizaba kofi.

Kesho yake bado. Mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto haukutulia juu ya tumbo, sista akawa anaushikilia kwa mkono, daktari anataja upasuaji, na Kogo (alikataa kurudi nyumbani) anaomba macho wazi akiniangalia mimi.

Alfajiri iliyofuata sista akaniita pembeni: ni msichana, mama salama, hakupasuliwa. Nikataka kupiga nduru, halafu nikajikumbuka, nikarudi nikakaa karibu na Kogo kimya kama gunia.

"Kuna nini?"

"Mimi siwezi kusema, Kogo."

Jamani, akaanza kulia, benchi zima likamshika, mama mmoja akaanzisha maombi, mpaka sista akarudi mbio kumwambia yeye ni nyanya ya Chepkoech, mtoto wa mapambazuko.

Nimeapa: habari ya tumbo la mtu, mwenye tumbo aitoe mwenyewe. Aunty aliposimuliwa alicheka mpaka akatoka machozi, akachukua simu yangu, na mahali pake akaniwekea mtoto. Kumbe mtoto mchanga hushikwa kwa mikono yote miwili.