Utepe wa Watachoka

Juzi nilikuwa Nachingwea mjini, kwa daktari wa mifugo, nimemshika mbwa wangu Bosi kwa mnyororo, namtafutia karatasi za kusafiria. Ndiyo, umesikia vizuri, ndugu yangu. Nimepata kazi nje ya nchi, na Bosi sina wa kumwachia, basi naondoka naye. Pale kwenye benchi watu walinicheka mpaka basi. Mama mmoja aliyeleta kuku wake mgonjwa alipiga makofi kabisa: "Makubwa haya! Watu wanahangaika wapate karatasi za kuvuka wao, mwenzetu anamtafutia mbwa!" Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Daktari akaitazama kadi ya Bosi, akatikisa kichwa. Chanjo zote za kichaa cha mbwa alizowahi kupata, kwa safari hii ni bure. Huko tuendako wanataka kwanza atiwe alama, kidude kama punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi, chenye namba yake. Akishatiwa ndipo achanjwe upya, na baadaye damu yake ipelekwe kupimwa. "Chanjo bila alama haihesabiki," akasema. "Watajuaje kama ni huyuhuyu?" Alisema kwa upole tu, huku anaandaa sindano. Mimi machozi yakanitoka mbele za watu. Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia nikiwa mtoto, shambani kwa bibi yangu, upande wa Mbekenyera.

Likizo ya masika ilikuwa haina mjadala kwetu. Mahindi yakianza kubeba, bibi alifunga mlango wa nyumba ya kijijini, tukahamia shambani: yeye, mjomba na sisi wajukuu. Tulikaa kwenye kibanda cha nyasi, na pembeni yake dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba. Mchana kazi yetu ilikuwa kupiga debe na kuwazomea nyani. Ee bwana, tulikula! Mahindi ya kuchoma, boga la kuchemsha, kisamvu cha karanga ambacho bibi alikiacha motoni mpaka harufu yake inakutoa udenda. Nguo zetu zote zilinuka moshi, na hakuna aliyejali.

Mwenye shamba hasa alikuwa mbwa. Bibi alimpa jina la Watachoka, na jina hilo lilikuwa salamu kwa jirani mmoja aliyependa kumsema. Kila jioni bibi aliita kwa sauti ndefu, "Watachokaaa!", jirani asikie, na mbwa naye aje kula. Wazee wetu ndivyo walivyojibizana bila kugombana. Lakini mbwa mwenyewe bibi hakuwahi kumgusa. Alikuwa mtu wa swala, na akipitiwa karibu na mbwa alikusanya kanga yake, kwa kuchelea mate yake, maana ukirambwa unanawa kwa udongo na maji mara kadhaa ndipo utoharike. Ukoko wa ugali alimwekea kwenye kifuu, akarudi nyuma, akasimama kumwangalia akila. "Si wa ndani," alikuwa akisema, "ila ni wa kwetu." Nguruwe pori walipoingia mahindini, Watachoka aliwatoa peke yake.

Mwaka ule walikuja wataalamu wa kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule. Mjomba na mimi tukampeleka Watachoka amefungwa kamba ya katani, akachanjwa, akavishwa utepe mwekundu shingoni. Nilijivuna njia nzima. Tulipofika shambani mjomba akatoa kisu, akaukata. Mjomba alikuwa mwindaji, na kwa wawindaji wa kwetu mbwa wa porini havai kitu shingoni. Atanasa kwenye miiba akikimbiza nguruwe, afe kwa kunyongwa. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyebisha. Bibi, asiyetupa kitu, aliuokota utepe akauchomeka kwenye nyasi za paa.

Haukupita muda mrefu, mbwa mwenye kichaa akamng'ata mtoto kijiji cha pili. Mbiu ikapigwa kijijini kwamba mbwa yeyote asiye na utepe auawe. Sisi tuko shambani, mbiu tutaisikia wapi? Tulichoona ni wanaume wawili wanakuja na bunduki, na Watachoka anawakimbilia akibweka, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Amechanjwa huyo!" bibi alipiga kelele.

"Chanjo bila utepe tutaijuaje, mama?"

"Utepe upo! Ngojeni niulete, wanangu, ngojeni!"

Akaingia mbio kibandani. Bunduki ililia mkono wake ukiwa bado kwenye nyasi za paa.

Walisema pole. Labda walikuwa na haki, kichaa cha mbwa si mchezo, na yule mtoto alikufa. Lakini mpaka leo naumia, siwezi kukudanganya. Mjomba tangu hapo hakufuga tena mbwa. Nguruwe waliyamaliza mahindi, tukarudi kijijini mapema. Leo lile shamba ni ufuta mtupu, dungu halipo, na bibi hayupo. Watoto wa siku hizi ukiwaambia habari za kuhamia shambani wanadhani unawasimulia hadithi. Bosi ametiwa alama yake, amechanjwa upya, imebaki damu kupimwa, na Mungu akipenda tutaondoka pamoja.

Lakini jioni ile, mjomba alipomaliza kuchimba shimo kando ya shamba, bibi alimwambia asimfukie kwanza. Akapiga magoti kwenye tope na kanga yake ya swala. Akamnyanyua Watachoka kichwa, akakilaza mapajani, akamfunga ule utepe shingoni kwa fundo, taratibu, kama anamvisha mtoto.

"Huko aendako," alisema, "wasije wakamwambia hana."

Kisha akaomba udongo na maji. Akanawa, akanawa tena, huku analia.