Mstari Mwekundu wa Jumatatu

Benigna Haule alikuwa karani wa masjala katika idara moja ya serikali mjini Songea. Alijua kupiga taipu bila kutazama vidole, na Jumapili aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Kwa hiyo mwaka 1993 mkuu wao mpya, Bwana Hironimus, alipoamua kwamba kikao cha Jumatatu kifunguliwe kwa sala, hakutafuta mbali.

"Benigna, utuongoze."

Akaongoza. Tumsifu Yesu Kristo, Baba Yetu, Salamu Maria tatu. Baadaye hakuficha kwamba alifurahia. Yeye, karani wa chini kabisa, akifumba macho, ukumbi mzima ulinyamaza, na hata mkuu akainamisha kichwa.

Katika watumishi kumi na wanne, Mwislamu alikuwa mmoja tu: Muhsini, mtunza stoo, mzaliwa wa Nakapanya, huko Tunduru. Jumatatu ya kwanza alisimama kimya karibu na mlango. Ya pili akanyoosha mkono.

"Mkuu, mimi nasali, na wenzangu wasali. Lakini tulifundishwa kwamba serikali haina dini. Hiki si kikao cha serikali?"

Bwana Hironimus hakukasirika. Alikuwa mtu mpole. Mkewe alikuwa amepona ugonjwa mzito, na sala ile kwake ilikuwa shukrani. "Hakuna anayekulazimisha, Muhsini. Subiri nje, tukimaliza utaingia."

Ikawa hivyo. Muhsini, ambaye ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi na kufungua madirisha, alisubiri kwenye kibaraza mpaka asikie "Amina".

Miezi michache baadaye mkuu alimwita Benigna kuhusu daftari la mahudhurio. Watu walikuwa wanachelewa mno, alisema. Daftari lisainiwe na aliyekwishakaa kikaoni, na kikao kinaanza na sala. Sala ikianza tu, apige mstari mwekundu. Atakayesaini chini ya mstari amechelewa.

"Na Muhsini, mkuu?"

"Utaratibu ni mmoja kwa wote."

Jumatatu iliyofuata Muhsini aliingia baada ya Amina, akakuta mstari.

"Dada Benigna, si umeniona hapo nje tangu saa moja?"

"Nimekuona, kaka. Ndiyo maagizo."

Akasaini chini ya mstari. Hakuuliza tena.

Mwaka 1995 ukaja upepo wa kupunguza watumishi. Viwanda vilikuwa vinauzwa, mashirika yanafungwa, na kila idara ilitakiwa kutoa majina. Kamati ya watu watatu ilikuja kupitia mafaili. Mwenyekiti wao, mzee mwenye miwani minene, alilifungua daftari la mahudhurio.

"Huyu wa stoo mwaka jana pekee amechelewa Jumatatu arobaini na moja. Kwa nini?"

Bwana Hironimus alimtazama Benigna. Benigna naye alijua jibu. Lilikuwa fupi, maneno matano au sita. Akafikiria ada ya shule ya mdogo wake, akafikiria kwamba jina likitoka la Muhsini lake halitatoka.

"Mzee, daftari ndivyo linavyosema."

Wiki tatu baadaye akaipiga taipu barua ya kumpunguza Muhsini kazini kwa mikono yake mwenyewe. Muhsini alikabidhi funguo za stoo, akapeana mkono na kila mtu, na Benigna pia, akaondoka na lori la Tunduru.

Kuanzia hapo sala ilimshinda Benigna. Akifika kwenye "utusamehe makosa yetu" alikwama, wenzake wakamalizia wao. Alikwenda kuungama. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Haya umeniambia mimi. Waliodanganywa umewaambia?"

"Bado, Padri."

"Basi nenda kaanze na hao."

Aliandika barua kwa kamati, kurasa mbili, akasaini jina lake lote: kwamba Muhsini hakuchelewa hata siku moja, kwamba aliwekwa nje kwa ajili ya sala, na kwamba yeye alijua akanyamaza. Nakala akampelekea mkuu.

"Unanichoma, Benigna?"

"Nimejichoma mwenyewe, mkuu."

Jibu lilichukua miezi saba. Kumbukumbu za Muhsini zimesahihishwa, lakini nafasi ya mtunza stoo imeshafutwa, hatarudishwa.

Benigna aliomba ruhusa, akapanda lori. Barabara ilikuwa tope, walilala njiani. Nakapanya alimkuta Muhsini kando ya barabara, yeye na mkewe Mwanaisha wakianika korosho kwenye jamvi. Alimpa nakala ya barua yake pamoja na jibu la kamati, akamweleza yote, mpaka swali la mzee wa miwani na jibu alilolitoa.

Muhsini aliisoma barua mara mbili. "Hilo jibu lako kwa mzee nililisikia," alisema. "Nilikuwa nimeleta vitabu vya stoo, nasubiri mlangoni kuitwa."

Benigna alitaka kupiga magoti. Mwanaisha akamshika mkono. "Simama, dada. Hapa watu wanapita."

"Unisamehe, kaka."

"Nitajaribu," Muhsini alisema. "Siwezi kukwambia leo kwamba imekwisha, nitakuwa nakudanganya. Lakini hii barua yako kaisome kule kule, Jumatatu, wote wakiwepo. Walioniona mchelewaji wasikie."

Akaisoma. Ilikuwa saa moja na nusu, na wenzake walikuwa wameshainama wakingoja aanzishe sala. Aliisoma aya kwa aya. Alipomaliza hakuna aliyesema Amina. Bwana Hironimus akasema kwa sauti ndogo, "Tuendelee na ajenda ya kwanza."

Tangu siku ile kikao kilianza na mahudhurio, basi. Wapo waliomnunia. Getruda wa uhasibu, mwanakwaya mwenzake, alimwambia waziwazi kwamba amemfukuza Mungu ofisini.

Muhsini alipata kazi ya kupima korosho kwenye ghala la ushirika, ya msimu tu. Habari hiyo Benigna aliipata kwa dereva wa lori. Mara kadhaa alianza kumwandikia, akafika kwenye salamu, akaishia hapo, maana hakujua baada ya salamu ana haki ya kusema nini.