Samadari ya Bi Kuluthum

Kuluthum alirudi Likoni na masanduku mawili na cherehani yake. Mumewe wa Malindi alikuwa amempa talaka, na hilo lilimfika akiwa na umri wa kuitwa bibi, watoto wote wameoa na kuolewa. Majirani walipomuuliza kulikoni, alisema wameachana kwa heri, kisha akageuza mazungumzo. Hakuna aliyemsikia akimsema vibaya yule bwana, na hakuna aliyemwona akilia.

Nyumba aliyorudia ilikuwa ya marehemu mamake, kwenye njia ya kuteremkia Shelly Beach. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na kuta zake ni nene hata mtu mzima aweza kukaa dirishani akanyoosha miguu. Tangu mama afariki, nyumba ilikuwa mikononi mwa wapangaji, na kila mmoja alifanya lake. Wa kwanza aliukata ukumbi kwa plaiwudi ukawa vyumba. Wa pili alipaka kuta rangi ya mafuta, kijani kibichi kama cha zahanati. Wa tatu alitaka pa kutundikia televisheni, kwa hivyo akaziba kwa simiti zidaka zote, vile vishubaka vya ukutani ambamo mamake Kuluthum alikuwa akipanga sahani zake za kauri na dele la kahawa. Siku aliyofungua mlango, Kuluthum alisimama ukumbini kitambo bila kuvua viatu. Alihisi kama aliyemkuta mtu wake wa damu kavishwa nguo za mtu mwingine.

Kakake, Barakat, alikuja kutoka Junda kumtazama. Ni mtu wa moyo mwema lakini mwenye haraka, na kabla hata ya kumaliza chai alishapanga kila kitu: wavunje nyumba, wajenge vyumba vya kupangisha, Kuluthum akae kimoja chini na asihangaike tena. Kuluthum alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hapana. Anataka kuirudisha nyumba kama ilivyokuwa. Kisha akamuuliza vyombo vya mama viko wapi.

Barakat aliinamia kikombe. Alieleza kwamba wapangaji walipokuwa wakija alimwita mfanyabiashara wa vitu vya kale, naye akabeba kila kitu kwa mkupuo mmoja: makasha, viti, kioo kikubwa, na ile samadari, kitanda cha mama.

"Wewe ulikuwa na nyumba yako Malindi," alisema. "Sikujua kama utarudi."

"Hata mimi sikujua," Kuluthum akamjibu, na akamwongeza chai.

Kazi ilianza mwezi uliofuata. Alimpata fundi mmoja, Mwarandu, aliyekubali kukanda chokaa badala ya simiti, ingawa alinung'unika kwamba chokaa yataka subira ambayo watu wa leo hawanayo. Wakang'oa plaiwudi. Wakakwangua ile rangi ya kijani ukuta kwa ukuta, vumbi likawaingia puani na kwenye uji. Zidaka Kuluthum hakutaka ziguswe na mtu mwingine. Asubuhi alishona mapazia na shela za maharusi, ndiyo riziki yake. Alasiri alijifunga leso kichwani, akachukua patasi na nyundo, akawa anagonga simiti polepole, kipande hiki na kile. Cha kwanza kilipofunguka aliingiza mkono, akapapasa ule upinde wa plasta wa zamani, laini kama shavu. Mwarandu alikuwa akipita na karai, akamwona ameegemea ukuta amefumba macho, akazunguka akapitia uani.

Siku ambazo hakuna kazi alizunguka maduka ya vitu vya kale. Hakuwa akichagua kama watalii. Alitafuta vitu ambavyo mkono wake ungevitambua. Kisauni alipata ubao mmoja wa mlango wa nakshi, mwenzake umepotea, ukitumiwa na muuza samaki kama meza. Aliusugua kwa majivu na ndimu siku nyingi mpaka harufu ilipokwisha, kisha akaupaka mafuta ya simsim. Alipata sahani za kauri zisizofanana. Alipata kiti kizuri cha kamba ambacho kilivunjika mara ya kwanza Barakat alipokikalia, wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu, na ndipo Barakat akaona pengine dadake si wa kuonewa huruma tu. Tangu siku hiyo naye akawa anatafuta. Ni yeye aliyeliona huko kwao Junda, uani kwa jirani, kasha la misumari ya shaba likilaliwa na kuku. Halikuwa la mama yao. Alilileta hivyo hivyo, na Kuluthum akalipokea kana kwamba ndilo.

Lakini alichokuwa akikitafuta hasa ni samadari. Ilikuwa kitanda cha msaji chenye nguzo nne, kirefu mno kwenda juu, hata utotoni alikuwa akipanda kwa kigoda. Kichwani kilikuwa na vioo vilivyochorwa mawaridi. Kuluthum alizaliwa juu ya kitanda hicho, na mamake alikata roho hapo hapo. Mwenye duka aliyenunua vyombo vyao alikuwa mzee sasa, lakini alikikumbuka vizuri. Alisema kilichukuliwa na kijana mmoja wa Port Reitz, mfanyakazi wa uwanja wa ndege, jina lake Lenox. Alikinunua kwa ajili ya mamake.

Kuluthum alikwenda siku ya Jumamosi, na bahasha mkobani, kwa nia ya kukikomboa.

Lenox alimfungulia mlango kwa adabu. Alikuwa Mtaita, mwembamba, mtu wa kusema kidogo, anayeishi na mamake peke yao kwenye nyumba ya ghorofa ya kwanza. Aliposikia ni habari ya kitanda, uso ulimbadilika, lakini akamkaribisha ndani. Samadari ilikuwa imejaza chumba kizima. Juu yake alikaa mama mmoja mzito wa mwili, mvi zimesukwa, redio pembeni. Huyo ndiye mamake Lenox, Margret.

"Shikamoo, mama," alisema Kuluthum.

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Walizungumza ya afya na ya hali ya hewa. Ndipo Margret, bila kujua mgeni amejia nini, akamweleza mwenyewe habari ya kitanda. Magoti yake yalikufa zamani. Vitanda vya siku hizi ni vya chini. Akilala, hawezi kusimama mpaka mtu aje amwinue, na Lenox yuko kazini kutwa. Kuna siku alishinda ameketi sakafuni akimngoja. Kitanda hiki kwa urefu wake kilikuwa kimemkomboa: anageuka, anashusha miguu, inagusa chini, anasimama mwenyewe kama mtu. Tangu kiingie nyumbani, alisema, anakwenda chooni bila kumwita mtoto wake wa kiume.

Kuluthum aliufunga mkoba wake. Alizitazama zile nguzo. Kioo kimoja cha mawaridi kilikuwa kimepasuka, mtu kakibandika kwa gundi kwa uangalifu.

"Mama, nikwambie kweli," alisema hatimaye. "Hichi kitanda ni cha mamangu. Nalizaliwa juu yake. Nalikuja kukinunua, lakini sasa sikitaki tena. Nalitaka kukiona tu."

Margret alimtazama mgeni wake. Kisha akajikokota akasogea upande wa ukuta, akaupigapiga mto uliobaki wazi.

"Panda ulale kidogo," alisema.

Kuluthum alivua viatu akapanda. Hakuhitaji kigoda tena. Alilala chali kando ya mama asiyemjua, na mbao za juu zilikuwa zile zile, na mawaridi yalikuwa yale yale, nyekundu na samawati, kama alivyokuwa akiyaona homa ilipompata utotoni. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alimlilia mamake, akaililia na ile nyumba ya Malindi, mume na jiko na miaka yake yote pale, vitu ambavyo hakuwa amevililia hata mara moja. Margret hakumuuliza analilia nini. Aliuchukua mkono wake akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, akauacha hapo, na redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo. Lenox aliingia jikoni kupika chai.

Tangu siku hiyo Kuluthum akawa mtu wa Port Reitz. Alimshonea Margret chandarua kipya chenye pindo la lasi, akakining'iniza mwenyewe kwenye nguzo nne kama mamake alivyokuwa akifanya. Alimpelekea mahamri na mbaazi, Margret akamfundisha kimanga cha Kitaita, muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja. Walikuwa na mengi ya kuzungumza. Margret alikuwa mjane tangu ujana, na alisema jambo ambalo Kuluthum hakuwa amelisikia kwa mtu yeyote, kwamba mwaka wa kwanza wa kulala peke yako ni kama kujifunza kutembea, na hakuna aibu kuanguka.

Nyumba nayo ilibadilika. Mwanzoni Kuluthum alikuwa akipima kila kitu kwa kumbukumbu: dele lilikuwa hapa, kioo kilikuwa pale. Baada ya kule Port Reitz aliacha kupima. Sahani zisizofanana alizipanga zidakani kadiri zilivyokubaliana kwa rangi. Ule ubao mmoja wa mlango hakuutafutia mwenzake tena. Aliusimamisha ukutani ukumbini, taa ikiwa chini yake. Katika kasha la kuku akatia vitambaa vya maharusi. Chokaa ya Mwarandu ilikauka ikawa nyeupe ya maziwa, na upepo wa bahari ukapita tena kutoka mlango wa mbele hadi uani, kama nyumba ilivyojengwa ili upite.

Mwaka ukaisha hivyo. Kisha Lenox akahamishwa kazi kwenda Kisumu. Ilikuwa ni kupandishwa cheo, lakini alikaa nayo moyoni siku nyingi kabla ya kumwambia mamake, na alipomwambia, mama alikataa katakata. Mumewe amezikwa pwani, kanisa lake liko pwani, na hataki kufia kwa watu ambao hata lugha yao haijui. Lenox naye akasema basi hatakwenda. Kila mmoja akawa anajitolea kwa mwenzake, na nyumba ikawa nzito.

Kuluthum alipolisikia hilo alilala nalo, kesho yake akaenda akasema alilokuwa nalo: Margret ahamie Likoni. Nyumba yake haina ngazi ya kupanda, chumba cha mamake ki wazi, na mlango wake ni mpana vya kutosha kupitisha samadari.

Lenox alifurahi mpaka akashindwa kulificha. Margret hakufurahi. Aliketi wima juu ya kitanda chake, akasema kwa sauti kavu:

"Nimesikia unavyookota vitu vya zamani, unavisugua, unavipanga. Mimi si pambo la nyumba yako, Kuluthum."

Yalimchoma. Angeweza kuondoka, na alikwisha shika mkoba. Lakini akarudi akaketi pale pale kitandani.

"Mapambo ninayo, mama," alisema. "Sina mtu wa kunigombeza. Tangu mamangu afe, hapana mtu aniambiaye nimetia chumvi nyingi."

Margret akasema kwamba kweli, ile mbaazi ya juzi ilikuwa na chumvi nyingi.

Walihama Jumapili baada ya ibada. Lenox alikodi lori, wakapitia barabara mpya ya Dongo Kundu, samadari imefunguliwa vipande vipande na vioo vimefungwa kwa kanga za Kuluthum. Barakat na Mwarandu waliipokea mlangoni. Waliposimamisha nguzo ya nne, Barakat alitoka nje peke yake, akakaa barazani mpaka walipomwita kula.

Sasa Ijumaa Kuluthum huenda kuswali, na Jumapili humsindikiza Margret hadi lango la kanisa, akamrudia saa ya kutoka. Margret amekitwaa kidaka kimoja, kile cha karibu na dirisha. Ametoa sahani akaweka miwani yake, dawa za magoti na picha ya mumewe, na Kuluthum amemwachia, ingawa ilikuwa sahani nzuri kuliko zote. Lenox hupiga simu kutoka Kisumu kila jioni. Barakat huja na wanawe wikendi, na bado huvikagua viti kabla ya kukaa.

Juzi binti yake Kuluthum alikuja kutoka Malindi kuona nyumba iliyosifiwa na ukoo mzima. Alizunguka akishika kila kitu, akakaa na Margret, akala kimanga. Halafu akamuuliza mamake yeye analala wapi. Kuluthum akamfungulia chumba cha pili. Kulikuwa na kitanda kipya cha mbao za kubandika, cha dukani, cha chini kabisa, hata kibandiko cha bei hakijatoka. Binti alicheka mpaka akaketi juu yake. Kuluthum akacheka naye, na kutoka chumba cha kwanza, ambacho mlango wake haufungwi, Margret akauliza kwa sauti ni nini kinachochekwa bila yeye.