Maharage Yaliyomkataa Zuhura

Mpaka nimeota ndevu niliamini kwamba maji ya bomba la mtaa wetu wa Gongoni yalikuwa na mifupa ya wapagazi. Msicheke. Mngekuwa nyumbani kwetu Tabora enzi zile za Mwingereza, mkasikia birika letu la chai likitikiswa asubuhi, kwara-kwara-kwara, kana kwamba limejazwa kokoto, nanyi mngeamini. Ukoko mweupe ulikuwa umeota ndani yake, mnene ajabu, hata birika lililonunuliwa kwa ajili ya ukoo mzima likawa linawatosha baba na paka tu.

Aliyenipa habari hiyo ni bibi yangu mzaa baba. Alinivuta sikio akalisogeza kwenye mdomo wake ulionukia tambuu.

"Mume wangu," alininong'oneza, maana kwa bibi mjukuu wa kiume ni mume, "njia ya misafara ya Ujiji imepita hapa hapa tulipokaa. Wapagazi walikufa na pembe mabegani, wakafukiwa pale pale walipoangukia. Sasa Mzungu kachimba kisima kirefu, mashine inavuta maji, na wao wanasagika humo humo. Wewe unadhani huo unga mweupe ni kitu gani?"

Tangu siku hiyo nilikunywa chai kwa adabu. Kila funda nililiomba radhi kimoyomoyo.

Maji yale yalitutawala kuliko Mwingereza mwenyewe. Ungesugua sabuni ya mche mpaka ikabaki kama ukucha, na povu lake lote lisingetosha kumwogesha nzi. Kanzu ya baba ya Ijumaa ikikauka ilikakamaa, ukiiondoa kambani inasimama yenyewe. Siku moja nusura niiamkie shikamoo. Hata hivyo tuliringa. Watu walitoka Itetemia kwa miguu kuja kulitazama bomba likimwaga maji uani bila kamba wala ndoo ya kuvutia.

Ndipo kaka yangu Salum, fundi cherehani, akaoa. Mkewe, Zuhura, alitoka Usinge kwa treni, na sanduku la bati na sufuria zinazong'aa hata ukajionea meno. Kwetu sisi bibi arusi hatumwi kisimani. Hukaa ndani mpaka wakwe wamtoe kwa ngoma, wamwonyeshe njia ya maji. Akionekana barabarani na ndoo kichwani kabla ya siku hiyo, aibu inaishukia nyumba nzima. Lakini kupika anapika. Chungu cha maharage kwa wakwe zake ndiyo salamu yake ya kwanza. Zuhura akakinga maji ya bomba pale uani, akainjika.

Maharage yakagoma. Yalichemka tangu alfajiri, yakateketeza kuni za kutosha kuivusha treni mpaka Kigoma, na yalipopakuliwa jioni yaligongana sahanini kama goroli. Baba alitafuna moja, akasita, akatazama dari. Kesho yake, vile vile. Punje moja nilimtupia jogoo wa jirani, akachechemea mpaka Idi. Salum peke yake ndiye aliyekula. Aliyameza mazima mazima kama kwinini, machozi yakimlengalenga, akasema matamu.

Mama akaamua kupima. Alichukua maharage kutoka gunia lile lile, akajitwika ndoo, akashuka bondeni kwenye kisima cha zamani kama alivyozoea siku zote, kwa sababu kwake bomba lilikuwa la kufulia na chai tu; mboga alidai inapoteza ladha. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, maharage yamelainika kama uji. Tuliyatazama maharage. Tukautazama mkono wa mama. Ndoo hakuna aliyeitazama.

"Si maharage, ni mkono," mama alimwambia baba uani, kwa sauti ya kusikika ndani. "Yanamkataa mtu ambaye moyo wake haujaingia katika nyumba."

"Mpe muda, mama Salum."

"Muda gani? Hayo meno yako yamebaki mangapi?"

Bibi alikuwa na hoja yake: wapagazi hawamtambui mgeni. Lakini njia zote mbili zilifika stesheni. Likakatwa shauri kwamba Zuhura arudi Usinge kwa treni ya Jumamosi. Na mwanamke aliyerudishwa kwa sababu ya chungu, Gongoni nzima ilijua, hapati mume mwingine kwa urahisi.

Zuhura hakulia. Alikunja khanga zake, akakaa kizingitini akitazama mbinguni. Nilidhani anaomba dua, nikamwonea huruma, nikaomba pamoja naye kidogo.

Ijumaa alasiri mvua ya kwanza ikashuka. Na mvua ya Tabora, jamani, haidondoki, inamwagwa. Zuhura akatoa sufuria zake zote, akazipanga chini ya michirizi ya bati.

"Unafanya nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Nasuuza vyombo vyangu, mama. Nisirudi kwetu na vyombo vichafu." Kisha akapiga goti. "Naomba niwapikie mara moja ya mwisho."

Jioni ile maharage yaliyeyuka ulimini. Baba alikula mpaka akalegeza mshipi. Bibi akatangaza kwamba wapagazi wamenyeshewa, kiu yao imekwisha, sasa wamemkubali. Mama alionja, akaonja tena, akamtazama mkwewe muda mrefu. "Basi," alisema, "moyo umeingia." Treni ya Jumamosi ikapita bila yeye. Haukupita muda akatolewa kwa ngoma, akaonyeshwa njia ya kisimani, na maharage hayakumkataa tena.

Miaka ikaenda. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nina cheti, natembea kama mkuu wa wilaya, na siku moja nikawa nawasimulia watoto wa Zuhura habari za mifupa ya wapagazi. Yeye alikuwa kando, anakata mchicha.

"Shemeji, na cheti chote hicho bado unawajaza watoto mifupa?"

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Chokaa ya ardhini. Maji ya bomba lenu yalikuwa magumu, hayaivishi maharage, basi. Nilijua siku niliyofika, niliponawa uso sabuni ikakataa kutoa povu."

Ndipo nilipoelewa alikuwa akitafuta nini mbinguni siku zile.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Bibi arusi, nimefunikwa khanga, niwaambie wakwe zangu maji yenu mabaya?" Akaendelea kukata mchicha wake. "Hata hiyo Jumamosi wasingeingoja."