Raketi Zote Mbili Zimenyamaza Mkononi mwa Timothy Dzombo

Saa kumi na mbili asubuhi, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Ukunda, Timothy Dzombo ameketi mezani, macho kayafumba na masikio kayaziba kwa pamba. Mkono wake wa kulia umelala juu ya meza, kiganja wazi.

Mkewe, Mapenzi, anaweka mpini wa raketi kwenye kiganja hicho na kumkunjia vidole kimoja kimoja. Kisha anadondosha kimpira cha tenisi ya meza juu ya ubao wa raketi. Kinadunda. Anakidondosha tena.

"Mpya," asema Timothy.

Ni ya zamani. Mapenzi anaitoa, anaweka ile nyingine na kuanza upya. Timothy anakosea tena.

Hili ndilo zoezi lao la kila siku kabla Mapenzi hajawasha jiko la viazi karai anavyouza kando ya barabara. Wanangoja kuona iwapo mkono utaamka.

Timothy ana miaka 53, Mduruma wa Kinango. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa mhudumu wa michezo katika hoteli moja ya Diani. Kazi yake ilikuwa kucheza na wageni, kuwashinda kidogo na kuwaachia washinde sana. Raba inayofunika raketi ikibanduka aliibandika, mpini ukilegea aliugandisha. Alilipwa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi, na bahashishi za wageni zikaongezea karo.

Raketi yake mwenyewe aliachiwa na mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa akija hotelini kila Desemba. Ni ya zamani, chini ya raba ni mbao tupu, tabaka tano nyembamba zilizogandishwa pamoja.

"Ile ilikuwa yakuuliza kwanza," asimulia. "Mpira ukigusa, wazama kidogo, mpini watetema, nawe ushajua mwenzio ameuzungusha vipi. Ukipiga pembeni yakusuta papo hapo."

Miaka miwili iliyopita hoteli ilikarabatiwa, na pamoja na vitanda vipya zikaja raketi za kisasa. Ubao wake ni mnene zaidi, na kati ya tabaka za mbao mna nyuzi za kaboni.

"Hizi zina haraka. Hazikuulizi kitu. Wagusa tu, mpira ushafika kwa mwenzio. Upige katikati, upige pembeni, kwake ni mamoja."

Wachezaji wengi huzipenda kwa sababu hiyo hiyo. Timothy alizichukia, na kadiri miezi ilivyopita alizichukia zaidi, kwa maana kila wiki alizisikia zikizidi kunyamaza. Alilalamika jikoni, akalalamika mapokezi. Siku moja alimwambia meneja mbele ya wageni kwamba amenunua maiti. Wageni walicheka. Meneja hakucheka.

Basi akaenda nyumbani kuchukua raketi yake ya zamani ili awaonyeshe tofauti. Akaishika, akadundisha mpira.

Nayo ilikuwa kimya.

"Nikasema, chumvi ya bahari ishaingia ndani ya mbao. Ubao umekufa kwa unyevu," akumbuka.

Hapo akafanya kosa ambalo labda ni mtu wa Kwale tu angelifanya. Huku kwetu, boriti ikitishiwa na mchwa au unyevu, hupakwa mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho. Babake alipaka fremu za milango kwa mafuta hayo huko Kinango, na milango ipo hadi leo. Timothy akabandua raba, akatafuta mafuta na kuupaka ubao wake. Alitumia kiganja kitupu, akiusugua taratibu ili unywe vizuri.

Hata mtoto wa Msambweni anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanababua. Tone likikugusa mdomo, utalia. Timothy alisugua hadi jua likatua, na hakusikia kitu.

Asubuhi yake alimpa mkono Roselyne, mtunza vyumba aliyetoka Kakamega, kama walivyozoea kusalimiana kila siku. Roselyne aliruka.

"Mkono ilikuwa imejaa malengelenge, zingine zimepasuka," asema Roselyne. "Nikamwuliza, Timo, hii haikuumi? Ananiambia ati iko sawa. Nikamwambia, hapana bwana, hiyo si sawa. Leo lazima uende hosi."

Hospitalini, Daktari Luqman alimfumba macho na kumgusa vidole kwa ncha ya kalamu. Kidole cha mwisho na cha pete havikujua kitu, wala kiganja; vidole vingine vilibahatisha. Kisha akamkunjia mkono wa shati na kuliona baka jeupe kwenye mkono, ambalo Timothy alikuwa akilipaka dawa ya choa kwa muda mrefu. Hata hapo alipodunga sindano, Timothy hakushtuka.

Ni ukoma.

"Mimi nilidhani ukoma ulibaki kwenye Biblia," asema Timothy. Anautazama ule ubao, sasa mweusi, mzito na wenye kunata, usioshika raba tena. "Ubao ulikuwa mzima. Mgonjwa ni mimi. Nikamtibu asiyeumwa."

Daktari Luqman alimweleza kwamba ugonjwa huu unatibika, dawa zake hazilipiwi, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi wengine. Ila mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa huenda isifufuke. Timothy yuko katikati ya matibabu ya mwaka mmoja.

Hotelini aliambiwa akapumzike, ataitwa. Daktari mwenyewe alipiga simu kueleza kwamba hakuna hatari. Alijibiwa kwa adabu kwamba wageni watasema nini. Tangu hapo, kimya. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka, na mwandishi huyu hajui msemo mwingine unaoitosha heshima ya namna hiyo.

Mtaani nako habari zimeenea. Karai la Mapenzi lililokuwa likimwingizia shilingi mia nane kwa siku, sasa likifika mia tatu anashukuru. "Wapita, wanisalimu vizuri, wanunua kwa mwenzangu," asema. "Kanisani benchi letu lina nafasi nyingi siku hizi. Inaniuma, sitaki kusema uongo. Inaniuma kuliko njaa."

Ndiye aliyemshauri mumewe akubali jina lake liandikwe gazetini. "Nilimwambia, baba, mficha maradhi kifo humwumbua. Na sisi tushaumbuka, tuna haya ya nini tena?"

Kwenye meza yao, kando ya ubao mweusi, kuna raketi ya kaboni ambayo mgeni mmoja aliichana raba na Roselyne akaiokota kabla haijatupwa. Timothy huwaomba wachache wanaomtembelea waishike na kumwambia wanasikia nini mkononi, kwa sababu hajui tena kama lawama zake zilikuwa za haki.

"Pengine niliisingizia," asema. "Pengine nayo ilikuwa yasema, mimi ndiye sikuwa nasikia. Sasa nitajuaje?"

Mapenzi, ambaye hakuwahi kushika raketi kabla ya mwaka huu, ana jibu lake: "Hii mpya yasema. Kwa ukali, lakini yasema."

Timothy anapanga kumaliza dawa, kisha arudi hotelini bila kungoja kuitwa. Anajifunza kucheza kwa mkono wa kushoto, ambao bado unasikia. Wakimkatalia meza, ataomba kazi ya kubandika raba tu. Nini hasa anachotumaini kukipata huko?

Anaigeuza raketi ya kaboni kwa mkono wa kushoto.

"Mgeni mmoja," asema. "Nimpe raketi, aipokee mkononi mwangu, aanze kucheza. Asiifute kwanza."