Kidau Kilichopikiwa Maharagwe

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya mbao visiliwe na maji, wengine ikiwapata hufunika pua. Mimi hukasirika. Nami nakaa Malindi, mahali ambapo huwezi kuikwepa. Juzi nilishuka ufukweni kununua samaki, nikamkuta jamaa anapaka mashua yake, na kabla sijafika kwa muuza samaki nilikuwa nimeshamjibu vibaya mtu aliyenisalimu tu. Basi afadhali niwaeleze nyinyi hasira yenyewe ilianzia wapi.

Tulikuwa tukikaa Kibarani, Kilifi. Baba alikuwa mtu wa Machakos, karani wa stoo kwenye viwanda vya chumvi vya Marereni, na nyumbani alirudi Jumamosi. Bahari hakuzaliwa nayo, lakini ilimwingia kichwani. Wenzake siku ya mapumziko walikunywa mnazi. Yeye aliunda kidau. Hakikuwa cha kuvulia wala cha abiria. Alitaka tu siku moja atweke tanga apite horini, kwenye ule mkono wa bahari unaoingia Kilifi, sisi wanawe tukiwa ndani. Alikuwa akienda kuwatazama mafundi wa mashua kazini, anasimama kando, haulizi kitu, kisha anakuja kuyajaribu aliyoyaona chini ya paa la makuti nyuma ya jiko letu.

Mdogo wangu Mutua alikuwa bado ananyonya kidole, kwa hiyo kazi ilikuwa ya baba na mimi. Nilimshikia mbao za mwembe akizipiga randa. Nilisokota pamba, nikaichovya kwenye mafuta ya nazi, naye akaigongomea katikati ya mbao kuziba nafasi. Sifa ilininata nyweleni hata shuleni wenzangu wakakataa kukaa nami dawati moja. Sikujali, maana nilikuwa nimeahidiwa kushika usukani. Mama, Mgiriama wa Vitengeni ambaye maji ya hori aliyajua kwa kuyatazama kutoka darajani, alitucheka, lakini tanga alilishona yeye, kwa kitambaa cha marekani, kwa mkono, mshono juu ya mshono.

Majirani walimtania baba. Walimwamkia kwa heshima zote, kisha wakamuuliza kama chombo kitakwenda Machakos kwa reli. Hawakuwa na nia mbaya, ndivyo watu wa kwetu walivyo, lakini baba hakuwa na kifua cha utani. Alicheka nao barazani, akaingia ndani, akanuna mpaka akasusa chakula.

Ikafika Jumapili ya kukishusha. Wanaume wa mtaa walikuja bila kuombwa, wakakibeba mabegani mpaka majini, mama akifuata na sinia la mahamri. Kidau kikaelea. Nilishika usukani, na sijapata tena kuwa mkubwa kama nilivyokuwa dakika zile. Kisha nikahisi maji vifundoni. Hayakutoka tundu moja. Yaliingia kila mahali ubao ulipokutana na ubao, yakapanda mpaka magotini, na watu ufukweni wakaangua kicheko. Athumani, kijana aliyevusha watu kwa mashua yake, akaja akicheka vilevile.

"Kiacheni hapahapa kizame, mzee," akamwambia baba. "Siku mbili tatu mbao zitavimba, kitajiziba chenyewe."

Na ndivyo ilivyo. Mbao kavu lazima zishibe maji kwanza, na mtoto yeyote wa mvuvi analijua hilo. Lakini baba aliona ni utani ule ule, tena umezidi. Nani atazamisha chombo kinachovuja ili kiache kuvuja? Akamgeuzia mgongo, akaamuru kidau kirudishwe nyumbani, na njia nzima hakumtazama mtu.

Alfajiri ya Jumatatu alirudi Marereni. Nilipotoka shule nilimkuta mama uani na shoka. Upande mmoja wa kidau ulikuwa kuni tayari, na kuni nyingine zilikuwa chini ya chungu cha maharagwe, zikitoa moshi mweusi wa sifa. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikanikauka.

"Sina mtoto wa kufa maji," alisema, bila kunitazama.

Nilikataa kula. Nilimchukia mama, nalisema kama lilivyokuwa. Jumamosi baba alisimama mbele ya lile paa tupu, akatikisa kichwa, akanishika bega, akasema ndivyo mama yako alivyo, tutafanyaje. Nikalia kifuani pake. Tangu siku ile kila changu kilikwenda kwa baba kwanza: matokeo ya mtihani, siri, hata mchumba. Mama alipata habari zangu zikiwa zimepoa.

Mwaka jana baba, amestaafu sasa, alikuja kututembelea Malindi. Alikuwa akiwachekesha wanangu kwa kisa cha kidau, chai mkononi.

"Nikamwambia nyanya yenu, nikirudi Jumamosi nisikione hicho kitu. Akasema watoto watamchukia. Nikamwambia, wewe ni mama, watakusamehe."

Wanangu wakacheka, naye akacheka, akaniomba nimwongezee sukari. Sikumwongezea. Nilitoka nikasimama nje.

Alipoondoka kwenda kwa Mutua, nilikwenda Vitengeni, kwenye shamba ambako sasa wazee wanaishi. Mama alikuwa akigeuza mahindi aliyoyaanika uani. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

"Baba yenu mlikuwa mkimwona siku moja kwa wiki," akasema. "Hiyo moja ningewaharibiaje?"

Nikatazama chini. Ndipo nilipouona mshono, juu ya mshono mwingine, chini ya mahindi. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo.

"Aliniambia nichome kidau," mama akasema. "Tanga hakulitaja."

Utotoni niliamini kilichoniumiza ni shoka. Leo najua mwenye shoka alitumwa, na aliyemtuma akaja kunifuta machozi. Watu wananiambia baba ni mzee, nimwache. Nampigia simu, namnunulia dawa, namwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, na kila akikisimulia kisa kile namkasirikia upya. Jioni ile tuliyazoa mahindi, mama na mimi, tukalikung'uta tanga na kulikunja, yeye ameshika pembe moja, mimi nyingine. Nilitaka kumwomba radhi. Akanikatiza, akaniuliza kama nimekula.